Rangi Iliyokataa Kuzama

Asubuhi Chiriku aliosha vyombo, akafagia uani, kisha akafungua friji kutazama vipande vyake vya barafu aliyoitia rangi nyekundu. Jina hilo la ndege mpiga kelele alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Leo mwalimu wa sayansi angechagua mwanafunzi mmoja wa kuiwakilisha shule kwenye maonyesho, na Chiriku aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

Jaribio lake lilihusu mikondo ya bahari. Kwenye ncha za dunia maji ya bahari hupoa, huwa mazito, huzama na kusafiri chini kwa chini hadi mbali. Maji ya vuguvugu huja juu kujaza pengo, yakibeba joto. Mzunguko huo husaidia kugawa joto na mvua duniani.

Jana yake alijaribu kwa maji ya bomba. Barafu iliyeyuka na rangi ikashuka vizuri hadi chini ya beseni la kioo. Lakini mwalimu alitaka maji ya chumvi, kama ya bahari. Asubuhi hii Chiriku alitia chumvi, akarudia. Rangi ikatanda juu, haikushuka ng'o!

"Unalilia nini sasa?" kaka yake alicheka. "Koroga maji ya rangi na sukari nyingi, uyamimine kwa siri. Rangi itazama tu. Nani atajua?"

Chiriku alisita, kisha akaitia chupa ya maji ya sukari mkobani.

Darasani wenzake walilizunguka beseni. Barafu iliyeyuka, rangi ikabaki juu vilevile. Mwalimu alipogeuka kufuta ubao, Chiriku alifungua chupa.

"Kwa hiyo bahari yenyewe hufanya hivi hivi?" aliuliza jirani yake wa dawati, macho yamemtoka. Alikuwa tayari kuamini lolote. Chiriku aliona aibu.

"Sijui," alisema, akaiweka chupa mezani. "Mwalimu, jaribio limegoma. Kwa maji ya bomba rangi ilizama, kwa ya chumvi imekataa. Nilitaka kuwadanganya kwa maji ya sukari."

Darasa likaangua kicheko. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu aliinama, pua karibu iguse kioo.

"Anayecheka aniambie kwa nini rangi imebaki juu."

Chiriku alilisogelea beseni.

"Barafu yangu haina chumvi," Chiriku alisema polepole. "Labda maji yake ni mepesi kuliko haya ya beseni?"

"Hasa! Bahari ya kwenye ncha za dunia inapoganda, chumvi nyingi hubaki majini, ndiyo maana maji yale baridi huzama. Lakini dunia ikizidi joto, barafu nyingi huyeyuka na maji yasiyo na chumvi hutanda juu, kama haya. Mkondo unaweza kulegea, na mvua na joto vikavurugika hata kwetu tusioijua theluji."

"Kwa hiyo sijakosea, mwalimu?"

"Jaribio halijakosea. Wewe ndiye uliyekaribia kukosea. Ungemimina sukari yako, tungekupigia makofi na kurudi nyumbani na uongo. Ukiona jambo lisilolingana na ulivyotarajia, mwanangu, liseme kama lilivyo, hata ukichekwa. Kwenye maonyesho utakwenda wewe, na beseni hilihili. Waeleze watu kwa nini rangi imekataa kuzama, maana hilo ndilo wanalohitaji kulijua."