Nyongeza ya Mhandisi Nyabise

Suruali-nguvu ilimpandisha Mhandisi Nyabise ngazi ya mwisho bila hata kuhema. Lilikuwa vazi jeusi lenye misuli ya nyuzi: ukikusudia kuinua mguu, nyuzi zinalinasa kusudio lako kwenye ngozi, zinajikunja, na mguu unapanda. Kiunoni kilishonwa kipaza sauti, nacho kiliitwa Mhimizi.

"Jana ngazi mia na themanini, leo mia mbili," Mhimizi alisema. "Hongera, Nyabise!"

Suruali hiyo aliibuni mwenyewe, miaka minne kabla homa ya uti wa mgongo haijamlaza. Enzi za uzima wake alizipanda ngazi hizi mbio kila asubuhi hadi kwa mama yake, juu ya miamba ya Mwanza. Baada ya homa aliapa kuzipanda tena kwa miguu yake. Mwezi wa tatu akateguka kifundo. Mwezi wa sita nimonia ikamrudisha kitandani. Mara zote alilia, akavaa suruali, akaanza upya, na hesabu haikushuka hata siku moja. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, mhandisi mzima.

Mama yake, aliyeuza maharage sokoni miaka arobaini, alikuwa akimsubiri mlangoni pamoja na Malimi, tabibu wa mazoezi wa Nyabise.

"Shikamoo mama. Nimefika!"

"Marahaba, mwanangu. Sasa vua hilo dude nikuone."

Nyabise akaketi kwenye benchi, akavua, akasimama. Magoti yakakunjika, akaanguka kifudifudi.

Malimi alimwinua, kisha akasoma kumbukumbu za ndani za suruali. Uso ukamshuka.

"Dada, ulipoanza, miguu yako ilifanya theluthi ya kazi. Leo, katika hatua mia, zako ni tatu."

"Na zilizobaki?"

"Nyongeza."

Neno hilo aliliandika Nyabise mwenyewe, katika programu ya suruali. Utotoni alikaa kando ya mama yake sokoni, akimwona akijaza kisado, kopo la kupimia maharage, kisha akitupia konzi moja ya ziada juu ili mteja aondoke na moyo mweupe. Ndiyo maana aliiagiza mashine: mgonjwa akipungukiwa na hatua za jana, mwongezee, wala usimwambie, asije akakata tamaa. Kila alipougua iliongeza. Miguu ikadeka, mashine ikaongeza tena.

"Nikianza upya bila nyongeza?"

"Mwaka jana ingewezekana. Misuli imeshakauka, dada. Siwezi kukudanganya."

Nyabise alilia kwa sauti, bila kujificha. Mama yake akaketi chini karibu naye, akamshika mguu uliokonda.

"Mimi nilikuwa naongeza juu ya kisado kilichojaa, mwanangu," alisema taratibu. "Sikuwahi kumwekea mtu konzi kwenye kisado kitupu."

Hakukuwa na njia nyingine ya kushuka. Malimi akamvika suruali, na Nyabise akasimama wima, mzuri kabisa wa kutazama. Watu elfu nne jijini walikuwa wamevaa kama yeye.

Ngazi chache chini yao jirani mmoja mzee, aliyevunjika nyonga mwaka juzi, alikuwa akipanda ndani ya suruali nyeusi. Alipomwona mhandisi alicheka kwa furaha.

"Mungu akubariki, mhandisi! Leo nimefika sabini, na wala sijachoka!"

Malimi akamtazama Nyabise. Mama yake naye akamtazama.

Nyabise alifuta machozi, akainua mkono.

"Hongera, mzee," alisema.