Kalenda Tisa na Neno Moja

“Dada, wewe ni mwizi.”

Hivyo tu. Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, mdogo wangu wa kiume niliyembeba mgongoni ananiita mwizi mbele ya mama na ba’mdogo.

Jamani mnaonisoma, hata sukari nilikuwa sijatia.

Ngoja niwaeleze.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kubadilisha fedha, mwaka wa kumi na saba huu. Kila nikifika asubuhi, kwanza napanga tarakimu kwenye ubao wa nje: leo pesa moja ya ng’ambo ni ngapi ya kwetu. Mtaani wananiita Ubao, nimeshazoea. Nikirudi nyumbani naandika kiwango cha siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani, ndani ya kisanduku cha tarehe. Ugonjwa wa kazi tu.

Mdogo wangu, tunamwita Bosi, alivuka mpaka miaka tisa iliyopita kutafuta maisha. Kila mwezi alituma mia tatu za huko, mimi huku namjengea mama nyumba.

Sasa karudi. Siku tatu alizunguka akizipima kuta kwa macho. Ya nne akaitisha kikao, simu mkononi.

“Mia tatu mara miezi mia na nane. Elfu thelathini na mbili na mia nne. Zidisha kwa arobaini na tatu.”

“Kwa nini arobaini na tatu?”

“Si ndiyo kiwango? Jana umekipanga mwenyewe ubaoni, nimekiona.”

“Endelea.”

“Milioni moja, laki tatu na tisini. Risiti zako zote ni laki tisa. Karibu laki tano ziko wapi, dada?”

Ba’mdogo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee huyu mahesabu yake huishia kwenye karata, lakini kikao hakikosi.

“Jibu, mwanangu. Ukishindwa, utafungasha uondoke humu. Nyumba ni ya mwenye hela.”

Miaka tisa ya kubeba saruji… nifungashe!

Nikaenda chumbani, nikachomoa kalenda tisa chini ya godoro.

“Bosi, soma mwezi ulioanza kutuma.”

“Kumi na tisa.”

“Mwaka wa tatu?”

“Ishirini na tatu.”

“Arobaini na tatu imekuja mwaka huu. Pesa ya kwetu imeporomoka, mdogo wangu. Mia tatu zako za zamani sikuzilaza chini ya mto zikazaliana. Nilizibadilisha kwa kiwango cha siku ile nikanunua matofali.”

Tukakokotoa mwezi baada ya mwezi, saa mbili nzima. Jibu likatoka: laki nane na sabini na nne elfu.

“Mbona risiti zimezidi?” ba’mdogo akauliza. “Hizi elfu ishirini na sita zilitoka wapi?”

“Kwenye mshahara wangu.”

Bosi akainamisha kichwa. “Nisamehe, dada. Nimekukosea.”

Ningeishia hapa mngenipigia makofi, najua.

Ila ba’mdogo alikuwa bado anafunua kalenda, kafika mwaka wa nne.

“Na huku je? Kila tarehe kuna kiwango, halafu umeandika ‘subiri’. Subiri, subiri, subiri…”



Mwaka ule mama alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lina presha. Daktari alisema apasuliwe wiki ile ile. Bosi akatuma elfu tatu za matibabu, mbali na zile za kila mwezi. Zilipofika, ubao ulisoma ishirini na nne na ulikuwa unapanda. Mimi mjuzi wa viwango nikajisemea, kesho itapanda zaidi. Kesho ikapanda kidogo. Nikaandika ‘subiri’.

Nilipobadilisha ilikuwa ishirini na sita. Nikapata faida ya elfu sita. Daktari akasema tumechelewa.

“Uliniambia pesa ilikwama benki,” Bosi akasema, polepole.



Mama hakuwa ametia neno tangu asubuhi. Akageuza uso upande wa sauti ya ba’mdogo.

“Hizo ‘subiri’ ziko ngapi, shemeji?”

“Kumi na moja.”

“Nami nilihesabu kumi na moja.”

“Mama… ulijua?”

“Kalenda ilining’inia juu ya kitanda changu. Jioni zote ulikuja kuandika, kalamu ikikwaruza mara mbili, basi. Siku zile ikawa inakwaruza kirefu. Na siku ya tano ukanong’ona peke yako, ‘kesho itapanda’.”

“Mbona hukusema?”

“Nilibakiwa na wewe, mwanangu. Mtu aliyebakiwa na jicho moja halichokonoi.”

Nililia, sifichi. Bosi akatoka nje, na mpaka leo hajalizungumzia.

Zile elfu sita? Nilinunulia dirisha la chumba cha mama, kubwa kuliko yote nyumbani. Kila asubuhi anakaa hapo, ananiuliza nje kuna nini, nami namweleza.

Somo mnalitaka. Pesa ya jana usiipime kwa kiwango cha leo, utamwonea mtu. Na wewe unayengoja kesho ipande, angalia nani anangoja pamoja nawe. Subira huvuta heri, wanasema. Miaka sita sasa siwezi kuutamka msemo huo mbele ya mama yangu.

Leo nimepanga arobaini na tatu na nusu ubaoni. Kwenye kalenda sijaandika kitu.