Alimwandikia Mwanangu Muda wa Uongo

Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo, taulo mkononi, nikamsikia rafiki yangu wa miaka tisa akimwambia mwanangu maneno haya...

"Nisamehe, mwanangu. Ule muda niliokuwa nakuandikia klabuni haukuwa wako."

Jamani! Nikaegemea ukuta uliolowa, nikatega sikio.

Mwanangu alikuwa analia kwa kwikwi. Robo saa tu iliyopita alikuwa ameikosa nafasi aliyoisubiri mwaka mzima, na sasa nasikia kwamba aliyemponza ni mtu ninayekula naye sahani moja.

Subirini niwaeleze tangu mwanzo. Nawajua, kuna watakaokimbilia kwenye maoni kabla hawajafika katikati.

Mimi ni msusi. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, ana miaka kumi na moja, na nyumbani namwita Malkia. Huyo shosti ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi na saluni yangu vinatenganishwa na ukuta mmoja, akipiga chafya namwambia afya. Naye ana binti wa umri uleule, mwembamba kweli kweli, watoto wenzake wakambatiza Kijiti.

Tuliwaandikisha klabu ya kuogelea siku moja, kwa foleni moja.

Klabu yetu ni ndogo. Bwawa moja, kocha mmoja, watoto arobaini. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna majaribio. Kocha anapuliza filimbi, na sisi wazazi ndio tunaopima muda kwa stopwochi, kila mmoja amesimama mwisho wa njia yake.

Kuna sharti moja tu: hakuna mzazi kumpima mwanawe. Kocha alisema kidole cha mama kina huruma, kitabonyeza kabla mtoto hajagusa ukuta.

Basi tukabadilishana. Mimi nikawa nampima Kijiti, shosti akawa anampima Malkia. Nani mwingine ningemwamini?

Ule muda ndio kila kitu, wapenzi. Kocha anautumia kuwapanga watoto. Wenye kasi wanaogelea na wenye kasi, wa polepole na wenzao. Ndiyo maana kwa mwaka mzima Malkia na Kijiti hawakuwahi kuingia majini kwenye mbio moja, ingawa wote wawili mbio zao ni zilezile, mita hamsini, mtindo wa chura.

Malkia alikuwa anaandikiwa sekunde arobaini na moja na nusu. Kijiti, arobaini na tatu na ushee.

Nilivimba kichwa, sikatai. Karatasi ya muda wa mwanangu niliibandika kwenye kioo cha saluni. Mteja akija kusukwa, kabla sijagusa kitana, lazima aisome. Shosti alikuwa akisikia majigambo yangu kupitia ukutani, na siku zote alikuwa anasema, "Hongera, mama Malkia." Basi.

Malkia naye akaanza kutega mazoezi. Asubuhi namwamsha, ananiambia kwani kuna haraka gani wakati yeye tayari ni wa kwanza? Nikaona ana hoja, namwacha alale. Kijiti mvua inanyesha, Kijiti yupo bwawani. Nikawa nacheka, masikini, mtoto wa watu anajichosha bure.

Ikafika siku ya mashindano makubwa. Klabu kumi na mbili, bwawa la kisasa, lenye zile pedi ukutani ambazo mtoto akizigusa muda wake unajiandika wenyewe kwenye ubao. Hakuna stopwochi, hakuna kidole cha mtu. Na bingwa wa umri wao alikuwa anaingia timu ya mkoa. Nafasi moja tu.

Malkia alikuwa ameshamwambia kila mtu shuleni kwamba ni yake. Mimi nilishawaambia wateja.

Hapakuwa na fainali. Watoto wanaogelea kwa makundi, wa polepole wanaanza, wenye kasi wanamalizia, halafu muda wa wote unawekwa pamoja na mwenye muda mdogo ndiye bingwa. Kijiti alikuwa kundi la pili. Mwanangu kundi la mwisho, njia ya katikati, ile ya wafalme.

Kijiti akaingia majini. Akawaacha wenzake mbali, kama wanaogelea na nguo. Nikatazama ubao.

Arobaini na moja, nukta themanini na nane.

Nikamwambia mama aliyekaa pembeni yangu kwamba ule ubao mbovu. Akaniangalia tu.

Kisha kundi la mwisho. Malkia akaruka vizuri, akageuka vizuri, lakini mita kumi za mwisho mikono ikawa mizito. Akagusa wa tatu. Arobaini na mbili, nukta sitini na moja.

Zaidi ya sekunde moja nyuma ya muda wake wa klabu! Mtoto alining'inia kwenye kamba ya njia, ameinua shingo kuutazama ubao kana kwamba umemtukana. Alikuwa anasubiri ubadilike. Haukubadilika.

Bingwa wa jumla, Kijiti.

Malkia akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Nikatafuta taulo kwenye mkoba, nikamfuata, na hapo mlangoni ndipo nilipoyasikia yale niliyowaambia mwanzo.

Niliingia kama kimbunga.

"Rudia! Rudia ulichomwambia mwanangu!"

Shosti alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akainuka taratibu.

"Umesikia," akasema.

"Mwaka mzima unamdanganya mtoto wangu? Ili abweteke, wako apite?"

Alimgeukia Malkia, akamwomba akavae nguo nyuma ya pazia. Mtoto akaenda. Pazia lenyewe la plastiki, lakini hilo sikuliwaza wakati ule, hasira zilikuwa zimenifunga macho.

Shosti akaniambia ilianza vipi. Majaribio ya kwanza kabisa, Malkia aligusa ukuta, akamvuta suruali kutoka majini. Akamuuliza ni ngapi. Alipoambiwa arobaini na tatu, akaanza kulia, akambembeleza aandike pungufu.

"Alisema ukiona muda mbaya huongei naye mpaka kesho yake. Alisema unampa chakula kimya kimya. Ni kweli au si kweli?"

Ni kweli, wapenzi. Mimi nilikuwa naita huko kumfundisha.

"Nikampunguzia kidogo," akaendelea. "Mwezi uliofuata akaniangalia vilevile, nikapunguza tena. Baada ya hapo ningerudi vipi nyuma?"

"Ungeniambia mimi, mama yake! Umeninyima nafasi ya kumsaidia mwanangu. Wewe ni mchawi, si rafiki."

Nikamwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Kwamba ana kijicho. Kwamba mtu anayechezea muda wa mtoto asiye na hatia hana tofauti na mwizi.

Akanisikiliza mpaka pumzi zikaniisha.

Halafu akauliza swali moja, kwa sauti ya chini kabisa.

"Na wewe, ule wa Kijiti?"

Eeh... Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo sikuwaambia.

Mkitaka kuacha kusoma, acheni. Mimi lazima niitoe, imekaa kifuani muda mrefu.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kupimiana, Kijiti aliogelea vizuri kuliko Malkia. Niliiona kwenye stopwochi kwa macho yangu. Alishagusa ukuta, na kidole changu kikakataa kubonyeza. Nikahesabu moja kimoyomoyo, ndipo nikabonyeza. Nikaandika. Hakuna aliyeona.

Mwezi uliofuata nikafanya tena. Kila mwezi. Ilikuwa rahisi kuliko kusuka nywele tatu.

Nilikuwa namwibia mtoto wa watu sekunde nzima, halafu nasimama pale kuita wenzangu wezi. Nyani haoni kundule.

"Sijui unasema nini," nikajibu.

"Nilijua," akasema shosti. "Wakati Kijiti anaogelea, mimi nilikuwa nyuma yako na stopwochi yangu. Nilijua tangu mara ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nililia kwanza, nyumbani. Nikataka kwenda kwa kocha. Lakini nilimwonyesha Kijiti muda wake wa kweli, nikamwambia huu ni wetu, tusiuseme. Akaniuliza kwa nini anti anaandika mwingine. Nikamwambia mwache anti yako afurahi."

Heri angenizaba kibao.

Kijiti alijua. Miezi yote hiyo yule mtoto ananisalimia "shikamoo anti", anapokea biskuti zangu, anakaa kwenye kiti changu namsuka, na anajua.

Lakini shosti naye si malaika, na yeye mwenyewe hakujidai. Aliniambia wazi kwamba mwanzoni alimpunguzia Malkia kwa huruma. Ila baada ya kuniona ninavyomfanyia Kijiti, hakuona tena sababu ya kurekebisha. Alikuwa anamwona Malkia anatega mazoezi, anamwona haongezi kasi, anaandika arobaini na moja na nusu, anasema hongera.

Huruma ilianza, kisasi kikamalizia. Na kilichoumia ni kitoto cha miaka kumi na moja.

Pazia likasogea.

Malkia alikuwa ameshavaa, nywele zinachuruzika maji. Alikuwa amesikia kila neno. Nilidhani angemrukia shosti, au angenirukia mimi. Hakulia tena.

"Kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza nimepimwa," akasema.

Akachukua mkoba wake, akatupita katikati yetu. Huko nje Kijiti alikuwa anamsubiri, medali ameivua shingoni na kuificha mfukoni. Wakaondoka pamoja kuelekea kwenye viti, wala hawakugeuka.

Jumatatu yake mimi na shosti tulikwenda kwa kocha, kila mmoja kwa saa yake, na kila mmoja akasema lake. Kocha alifuta muda wote wa mwaka na akatuondoa kwenye upimaji. Alinitazama mimi zaidi. Nafasi ya timu imebaki kwa Kijiti, kwa haki. Ukuta wa saluni na cherehani bado ni mmoja, ila siku hizi akipiga chafya nanyamaza.

Mnataka funzo? Kuna wazazi wanaosoma hapa sasa hivi, wana stopwochi zao. Si lazima iwe ya kuogelea. Unamwongezea mtoto wa mwenzio makosa, na wako umemfanya aogope hata kukuambia ukweli. Ukimtisha mtoto na matokeo, atatafuta mtu wa kukudanganya kwa niaba yake, na atampata. Wangu alimpata ukuta wa pili.

Mtamtukana shosti kwenye maoni, najua. Mkimaliza naye, njooni kwangu.

Malkia bado anaogelea. Haachi hata asubuhi moja, anaondoka na Kijiti. Alimwomba kocha jambo moja tu, na kocha akamkubalia: muda wake asipewe mama.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza, kwa upole kabisa, ameogelea sekunde ngapi.

"Nimeogelea vizuri, mama," akanijibu, akaendelea kula kimya kimya.