Video Aliyoipiga Njau

"Huyu ndiye unataka nimwite mke wako?"

Mama Njau alishika msokoto wa bangi kwa vidole viwili, uso umemkunjamana kama ameokota panya aliyekufa. Yeye na binti yake Ciku walikuwa wametoka kanisani, moja kwa moja hadi kwa Njau hapa Mugutha, kupanga ruracio, siku ya kupeleka mahari kwa kina Viola.

Viola akamwangalia mchumba wake. Aseme neno moja tu, mambo yaishe.

"Mum, nimemkataza," Njau akasema, macho chini. "Nimemwombea. Haskii."

Woi! Uongo mtupu! Tangu nyumba zichomeke kule Kiandutu, na Mitchell waliyekaa naye chumba kimoja akafia ndani, Viola hakuwa analala. Akisinzia tu, anaruka akipiga nduru. Na ni Njau huyu huyu, aliyemhamishia hapa kwake, alimwambia avute kidogo, walale wote.

"Njau, si ni wewe uliniletea?"

"Mimi? Mum, unamwona? Sasa ananisingizia!"

"Nyamaza, msichana," mama akasema. "Video nimeona. Alitutumia kwa grupu ya familia. Unapiga kelele kama mtu ako na mapepo."

"Video gani?"

Njau akaanza kutafuta viatu.

"Mum, uliiona mpaka mwisho?" Ciku akauliza.

"Ai! Nani ataweza? Nilizima nikaanza kuomba."

"Basi sikiza."

Ciku akafungua video kwa simu yake, akaongeza sauti. Viola akajisikia akilia, "Mitchell, fungua! Fungua mlango!" Kisha kicheko cha Njau, karibu kabisa na simu. Mjinga hakukumbuka hata kukata pale aliposema:

"Shika hii, nimekuwashia. Vuta unyamaze. Kesho nitaleta ingine."

"Ngai fafa!" Msokoto ukamponyoka mama. "Njau, ni wewe?"

"Nilitaka tu muone vile nateseka..."

"Unateseka?" Viola akasimama. "Mimi nalilia mtu amekufa, wewe unanipiga video ukicheka? Aki unanuka kuliko hiyo bangi!"

"Babe, pole. Ukienda, nani atakushika usiku?"

"Lini ulinishika? Ulikuwa umeshika simu."

Mama Njau akamkamata Viola mkono. "Mwanangu, tulia. Kwenu tutaenda hata kesho."

"Msikuje, mum. Kesho naenda kuona daktari Thika, nimwambie yote, hata hii bangi. Lakini huyu namwacha leo."

Mama akamfungulia mlango. Ciku ndiye alimbebea begi hadi barabarani.