Bomba la Mikono Miwili

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na mdogo wangu wa darasa la kwanza tulikuwa tukipita kwenye tangi la maji lililo kati ya vyoo na darasa lao. Mimi nilikuwa nabonyeza bomba, yeye ananawa. Akimaliza, wenzake watatu wanne walikuwa wameshajipanga nyuma yake, mikono ya mashati imekunjwa, nao waliniambia, "Dada, na sisi." Basi niliwabonyezea na wao mpaka kengele ilipolia.

Tangi hilo tulijengewa mwaka huu na kampuni ya ujenzi, ile inayojenga daraja jipya upande wa pili wa mji, ikishirikiana na shirika moja la hisani. Kampuni ilileta mafundi, zege na mabomba sita yanayong'aa. Shirika likaleta sabuni na mtu wa kutufundisha kunawa. Mabomba yenyewe yalikuwa ya kubonyeza: ukibonyeza maji yanatoka, ukiachia yanakatika. Yalichaguliwa ili maji yasipotee, maana watoto wa shule na bomba la kufungua mnatujua wenyewe. Tatizo ni kwamba yalikuwa magumu. Mimi wa darasa la sita nilibonyeza kwa mkono mmoja huku nimekaza meno. Mtoto wa darasa la kwanza alibonyeza kwa mikono yote miwili, na akishafanya hivyo alikuwa hana mkono wa tatu wa kunawa. Sisi wakubwa tulilijua hilo, tukalifanya mzaha.

Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mwandiko wangu ni mzuri, nalisema bila haya kwa kuwa ndiyo sifa pekee niliyo nayo shuleni, hivyo barua zote za shukrani huniangukia mimi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Tuwaandikie wafadhili wetu. Eleza jinsi tangi linavyotusaidia."

"Niandike na habari ya wadogo, mwalimu? Yale mabomba hawayawezi."

Alishusha pumzi. "Mtu amekuletea zawadi, nawe unaanza kuitafutia kasoro? Watatuona hatuna shukrani, na ile ahadi yao ya kutujengea vyoo vipya itaishia hewani. Andika mazuri tu."

Nikaandika mazuri tu. Tena nikanogewa. Sentensi hii hakuna aliyeniambia niiandike, niliitunga mwenyewe: "Watoto wote, hata wale wadogo wa darasa la kwanza, wananawa mikono kila siku bila shida yoyote." Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaniambia nina kipaji. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye mashindano ya netiboli kwa siku tatu. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu amelala, midomo imemkauka, anaharisha tangu jana yake. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha nguo za watu vilevile zilivyokuwa, akambeba mgongoni, tukaenda zahanati.

Muuguzi alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. "Shuleni huwa unanawa mikono, baba?" alimuuliza.

"Sikunawa. Dada hakuwepo kubonyeza."

Mama akanigeukia. "Kubonyeza nini?"

Kabla sijajibu, muuguzi akasema, "Huyu ni wa tisa kutoka shule yenu wiki hii. Wote ni wadogo hivihivi."

Njiani nilimweleza mama kila kitu, pamoja na ile sentensi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu hukumdanganya, alikuwa anajua," alisema taratibu. "Uliyemdanganya ni aliyejenga. Sasa utafanyaje?"

Niliona aibu.

Ijumaa wafadhili wakaja. Viti vilipangwa uwanjani, tukaimba, tukapiga makofi. Alikuwepo afisa wa shirika, pamoja na mhandisi wa kampuni, mama mmoja mrefu mwenye buti zilizojaa vumbi la saruji. Mhandisi alikuwa ameshika barua yangu.

"Hii tuliibandika ofisini," alisema. "Tulikuwa tunasitasita kuhusu mabomba haya. Tuliposoma kwamba hata wadogo wanayaweza, tukaamua kuyafunga katika shule nyingine kumi na mbili. Tunayaagiza Jumatatu. Aliyeandika yuko wapi? Aje atusomee mwenyewe."

Shule kumi na mbili! Nilikwenda mbele. Nilisoma vizuri hadi nilipoifikia sentensi yangu, hapo nikakoma. Mwalimu mkuu alinitolea macho, akanipa ishara niendelee. Niliviwaza vile vyoo vipya. Nikamuwaza mdogo wangu akimeza maji kijiko kwa kijiko, nikawaza ni wadogo wangapi watakaonyweshwa hivyo katika shule hizo kumi na mbili, wote kwa sababu yangu.

"Samahanini," nikasema. "Hapa pameandikwa kwamba wadogo wananawa bila shida. Si kweli. Niliandika uongo. Mabomba hawayawezi, na wiki hii tisa wameugua tumbo."

Mwalimu mkuu akakohoa, na hakuwa na mafua. Afisa wa shirika akafunga daftari lake, nikajua basi, vyoo ndiyo tumevikosa.

Mhandisi aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akamwita msichana mmoja wa darasa la kwanza. "Hebu nawa, mama, nikuone."

Mtoto akasimama kwa ncha za vidole, akabonyeza kwa mikono miwili, maji yakatoka. Akaachia haraka apate kunawa, maji yakakatika. Akarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu akajaribu kubonyeza kwa kidevu. Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali, kwa sababu mtoto alikuwa anakaribia kulia.

Mhandisi akapiga magoti kwenye tope na kumfuta uso. "Tuliyajaribu mabomba haya," alimwambia afisa wa shirika. "Niliyajaribu mimi, wakayajaribu na mafundi wangu, watu wanaobeba mifuko ya saruji kutwa nzima. Hatukumwita mtoto hata mmoja." Kisha akanitazama. "Barua yako ilinifurahisha. Haya ya leo yamenifaa. Mbona hukuniambia mapema?"

Sikutaka kumchongea mtu. "Niliogopa mtakasirika, mtuache."

"Tuwaache kwa kosa letu wenyewe?" aliuliza, na nikaona kweli lilimshangaza.

Jumatatu hakukuagizwa kitu. Badala yake fundi bomba alikuja na mabomba ya aina tatu, wadogo wakapangwa wayajaribu. Mdogo wangu, aliyekuwa amepona na kurudi na ubishi wake wote, alilikataa la kwanza, akalikataa na la pili kama mteja anayechagua viatu. Likashinda lenye mpini mrefu, linalosukumwa kwa kiwiko. Fundi akamwaga na kidaraja cha zege cha kupandia. Mabomba hayo ndiyo yatakayofungwa katika zile shule nyingine. Kuhusu vyoo, afisa wa shirika alisema vitajengwa, ila safari hii watakaa na wanafunzi kwanza kabla ya kuchora ramani.

Siku kazi ilipokamilika, mwalimu mkuu aliniita mbele ya mstari. Nilijua nimekwisha.

"Mtoto huyu aliandika uongo," aliiambia shule nzima. "Ni kosa, na amelikiri mbele ya wageni. Lakini mimi ndiye niliyemwambia aandike mazuri tu. Hilo ni kosa langu, na nimechelewa kulikiri." Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. "Niliwaogopa watu waliokuja kutusaidia. Anayekujengea kitu anataka kujua kama kinafanya kazi. Usipomwambia, ataendelea kukosea, na wanaoumia ni wadogo zenu. Tushukuru, ndiyo, lakini tushukuru kwa ukweli. Mkiona jambo haliendi sawa, mwambieni mtu mzima, kwa heshima. Akiwaambia mnyamaze, mwambieni tena, hata kama mtu mzima huyo ni mimi."