Dumu la Nyuma ya Ukuta

Kila akitoka shule, Kiguu alirudi nyumbani kwa njia ambayo jana hakuipita. Jina hilo alipewa na mama yake, maana binti yake alikuwa kiguu na njia hasa. Ukimtuma chumvi duka la jirani, atazunguka mtaa mzima ndipo ailete. Mtaa wao ulikuwa pembezoni mwa mji, nyumba zimebanana, na watu wazima walisema huku hakuna cha kuona. Kiguu aliwacheka kimoyomoyo. Yeye alikijua kichochoro ambamo paka huzalia, na bomba la zamani linalovuma ukilitegea sikio. Mwenzake katika kuvumbua alikuwa Miwani, binti wa seremala, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi.

Siku moja wakapenya kwenye tundu la ukuta uliobomoka, huko huko mama alikokataza. Ndani nyasi zilifika kiunoni. Katikati palikuwa na mfereji wa saruji, mrefu, mwembamba, una mteremko upande huu na ngazi upande ule, umejaa maji ya mvua. Kando yake kilisimama kibanda kisicho na mlango.

"Bwawa letu!" Kiguu akanong'ona.

"Bwawa gani halina hata chura?" alisema Miwani. "Mimi hapa sipapendi. Twende zetu."

Lakini Kiguu alikwisha kuingia kibandani, na humo akaliona dumu la plastiki, zima, na mfuniko wake. Dumu la nyumbani alikuwa amelipasua mwenyewe kwa kuliburuta kwenye mawe, na mama yake hakuacha kulitaja. Akabandua karatasi iliyochakaa ubavuni, akalitupia begani.

"Utasema umelitoa wapi?" Miwani akauliza.

"Usijali. Ulimi ninao."

Mama yake, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani. "Umelitoa wapi hilo?"

"Nimepewa na muuza mafuta ya taa. Ndiyo maana linanuka kidogo."

"Mungu ambariki. Lisugue vizuri kwa sabuni na mchanga, kisha ukachote maji."

Akasugua mpaka vidole vikamwasha. Alipoleta maji, mama akamimina kidogo kwenye beseni la kuku, maana wao walikuwa bado na maji ya jana mtungini. Jioni ile kuku wote walikuwa chini wamekufa, shingo zimelegea.

"Mdondo huo," mama akasema, akiwakusanya kwenye gunia. "Umeingia kwa jirani, sasa umefika kwetu."

Kiguu alitazama beseni, akatazama dumu. Neno likamfika kooni. Akalimeza, akaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mchana mdogo wake, Donge, mnene wa mashavu, alitoka kucheza akihema kwa kiu. Hakungoja kikombe, aliinamisha dumu akanywa. Haikuchukua muda akaanza kutapika. Mate yakamtiririka, jasho likamlowesha shati, na mikono ikaanza kurukaruka yenyewe. Mama aliacha nguo ya mteja chini ya sindano, akambeba mgongoni, akakimbia naye hadi hospitali. Kiguu alifuata nyuma, kiatu kimoja kimebaki njiani.

"Amekula nini? Amekunywa nini?" muuguzi aliuliza huku akimlaza.

"Maji tu," mama akajibu, "ya kwenye dumu letu. Dumu lilikuwa la mafuta ya taa, lakini tuliliosha!"

Muuguzi akamgeukia daktari. "Daktari, mafuta ya taa."

Daktari akamfunua Donge macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akakunja uso. "Mafuta ya taa hayafanyi hivi. Mama, una hakika?"

"Kabisa. Tulipewa na muuza mafuta."

Kiguu alikuwa ameegemea ukuta. Alimsikia mama yake akisema uongo bila kujua, uongo ambao yeye ndiye aliyeutunga. Donge akakoroma. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Si la mafuta!" Kiguu akapiga ukelele. "Nililiokota! Nyuma ya ukuta, kwenye kibanda, karibu na mfereji wa saruji wenye mteremko na ngazi. Mama, nilikudanganya!"

"Hilo ni josho," daktari akasema. "Ng'ombe walikuwa wakiogeshwa humo kuua kupe. Muuguzi, dumu hilo lilikuwa la sumu ya kuulia kupe. Lete dawa yake, haraka! Na nyumbani mtu asiyaguse hayo maji!"

Mama hakumwangalia Kiguu. Alikaa sakafuni, akashika mguu wa Donge, hakuuachia mpaka kupumua kwake kuliporudi taratibu.

Donge alipona, lakini mikono ilikataa kutulia. Bwana afya alikuja, na Kiguu akamwongoza hadi kwenye tundu la ukuta. Watu waliliziba kwa mawe, na baba yake Miwani akachonga kibao cha hatari.

Waliporudi nyumbani, ndipo mama alipomwita Kiguu.

"Sikukupa jina la Kiguu kwa kukuchukia. Miguu yako naipenda. Ila kitu cha kuokota, uliza kwanza kilikuwa cha nini. Na ukikosea, uniambie siku hiyo hiyo, hata kama nitafoka. Nikifoka nitanyamaza. Lakini ule uongo wako, mwanangu, nilikwenda nao mpaka kwa daktari, na nusura umzike ndugu yako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mpe mdogo wako maji."

Kiguu akajaza kikombe. Donge alikishika kwa mikono miwili, na bado maji yakamwagikia kifuani. Kabla hajanywa akamtazama dada yake, kama afanyavyo hadi leo.

"Haya yametoka wapi?"

"Bombani," Kiguu akajibu. "Nimechota na mama, kwa ndoo yetu."

Ndipo Donge akanywa.