Dawa ya Kocha Haitaki Haraka

Mtaa mzima ulikuwa na homa ya fainali. Timu ya wasichana wa mtaani ilikuwa haijawahi kufika hatua ile. Watoto walipiga makopo kama ngoma. Hata akina mama wasiojua kona wala penalti walibishana kuhusu mpira kwenye foleni ya maji. Aliyechachawa kuliko wote alikuwa fundi baiskeli. Aliziba pancha huku akiimba, kwa maana kocha wa timu ile alikuwa mkewe.

Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Kwa miezi kadhaa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Kocha, hakuwa yule wa zamani. Sauti yake iliyosikika hadi mtaa wa pili ilizimika. Chakula kilimshinda. Usingizi ulimkimbia. Alilia bila kujua sababu, na uwanjani hakwenda tena, mazoezi akamwachia nahodha. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema anadeka. Daktari wa zahanati hakusema hivyo. Alimsikiliza, akampima, akasema, "Huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona, na unatibika." Akampa vidonge vya amitriptilini, kimoja kila anapokwenda kulala.

Sasa wiki ya pili ilikuwa inakwisha. Kocha alianza kulala. Fundi akaona kumekucha.

Alhamisi jioni, baada ya kula, fundi alifungua pakiti.

"Mke wangu, nimepata akili," alisema, macho yakimng'aa. "Kidonge kimoja kimeleta usingizi. Viwili vitaleta furaha! Meza viwili leo na viwili kesho. Jumamosi utaruka kama swala!"

Mama yake fundi, ambaye alikuwa na ugonjwa wa moyo, alinyoosha mkono. "Basi nami nigawie kimoja, mwanangu. Siku hizi nahesabu mabati tu mpaka asubuhi."

"Chukua, Mama!"

Fundi akamimina vidonge vitatu kiganjani. Kocha akainuka haraka kumzuia. Dunia ikamzunguka. Akapepesuka, akashika meza, bakuli likaanguka na kupasuka.

Fundi alitoka mbio, kiatu mguu mmoja, mpaka kwa jirani yao nesi. Nesi akaja na kipimo cha presha. Akamlaza Kocha, akampima, akashusha pumzi.

"Umesimama ghafla, dada. Dawa hii inaweza kushusha presha mtu anapoinuka. Kaa kwanza, tulia, ndipo usimame." Kisha akaona kiganja cha fundi. "Shemeji, hivyo vitatu ni vya nani?"

Fundi akaeleza. Nesi akakunja uso.

"Rudisha. Vyote."

"Lakini fainali ni keshokutwa!"

"Shemeji, mbegu ukiimwagia pipa zima la maji, itaota kesho?"

"Itaoza."

"Haya. Usingizi hutangulia. Furaha hurudi polepole, mara nyingi baada ya wiki nne hadi sita. Ukizidisha dawa, mtu haponi haraka. Inavuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuua. Hata akisahau kumeza usiku mmoja, asimeze viwili kesho yake. Na wewe, Mama, wenye ugonjwa wa moyo inaweza kuwadhuru vibaya. Dawa ya mtu ni ya mtu."

"Jamani!" Mama yake fundi akarudisha mkono kama aliyeguswa na moto. "Kumbe naomba sanda kwa mkono wangu!"

Wote wakacheka. Kocha naye akatabasamu kidogo.

"Mdomo unanikauka, na choo kigumu," alisema.

"Kunywa maji mara kwa mara. Kula matunda na mboga. Ukisikia usingizi mchana, usipande baiskeli. Pombe usiguse. Dawa nyingine yoyote, hata ya mitishamba, muulize daktari kwanza. Ukizimia, moyo ukienda mbio, mkojo ukigoma au macho yakiuma ghafla, nenda hospitali hapo hapo." Nesi akasogea karibu. "Na mawazo ya kujidhuru, yakija usiyafiche."

Kocha aliinamisha kichwa. "Yalikuja. Mwezi uliopita. Leo hayapo."

Fundi akaketi kando ya mkewe. Akamshika mkono.

"Ahsante kwa kusema," nesi akamwambia. "Kesho tutakwenda kwa daktari pamoja. Vidonge atatunza shemeji, ndani ya kasha la kufuli, mbali na watoto. Atakupa kimoja kwa wakati wake."

Ikawa hivyo. Daktari alizungumza na Kocha kwa kirefu, akaacha dozi ile ile, akataka kumwona kila wiki.

Jumamosi Kocha hakuruka kama swala. Alikaa benchi, kimya. Kipindi cha pili alimwita nahodha, akamnong'oneza, "Beki wao wa kushoto amechoka. Piteni kwake." Wakapita. Goli! Uwanja ukalipuka! Fundi akamkumbatia mtu asiyemjua. Kombe likaja nyumbani. Kocha alisema amechoka, na fundi akampeleka kupumzika bila kumharakisha.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, fundi akiwa kazini, sauti ikapasua mtaa kutoka uwanjani: "Wewe! Mpira unapigwa kwa mguu, haupigwi kwa huruma!"

Spana ikamtoka mkononi. Alikimbia mpaka katikati ya uwanja, mikono juu, mafuta mpaka kwenye kope.

"Umepona! Leo vidonge tunatupa!"

"Thubutu!" Kocha akamkazia macho. "Nimepata nafuu kwa sababu nameza. Nikiacha ghafla mwili utasumbuka, na sonona inaweza kurudi. Daktari mwenyewe ndiye atakayepunguza, kidogo kidogo, wakati ukifika. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Basi toka uwanjani, unatuharibia mazoezi!"

Fundi akatimua mbio. Wasichana wakamzomea huku wakicheka, lakini kicheko kilichozidi vyote kilikuwa cha Kocha.